Wageni wa Angani na Mustari wa Nakivale

Nakivale, 16 Novemba 2014

Mihigo mdogo wangu,

Nakusalimu kwa jina la Yesu. Huku tuko wazima. Ng'ombe wa jirani Miriamu amezaa ndama jike, na mvua imeyapenda maharage yangu. Simu yako ya juzi niliisikia nusu, kwa sababu ulinipigia nikiwa fasi ya kuchajia na watu wote pale walikuwa wanapigia simu zao kelele. Ndiyo maana mimi napenda karatasi. Simu ni ya kuuliza nani mgonjwa. Maneno yenyewe yanataka mtu akae chini.

Leo nina maneno ya mbinguni. Umesikia habari ya ule mtambo walioutuma ukatua juu ya nyota yenye mkia? Redio imeisema wiki nzima. Safari ya miaka kumi! Wamefika, mtambo umegusa chini, umeruka kama mpira na kuangukia pembeni mwa jabali, kwenye kivuli. Sola yake haipati jua. Chaji imeisha, umenyamaza. Nilicheka peke yangu nikikamua. Watu waliosoma wote wale, na shida yao ni ile ile ya Semahoro wa filamu: ameweka sola kivulini. Halafu nikauonea huruma. Kufika mbali vile, kisha unyamazishwe na kivuli cha jiwe.

Kwa Semahoro tulienda leo baada ya ibada. Bado anasimama kando ya televisheni na kijiti chake, anatafsiri filamu kwa mdomo, na akikosa neno anatunga. Filamu ilikuwa ya wageni wa angani. Walikuja na chombo kikubwa kama kilima, wakasimama juu ya mji wa magorofa, wakaanza kuchoma. Mimi nauliza: kwa nini kila mara ni mji wa magorofa? Hakuna siku wametua kwetu kambini. Nami nakwambia, wangetua Nakivale, vita isingekuwepo. Wangeambiwa: pangeni mustari. Wangeulizwa jina la baba na la mama, wangepigwa picha, wangepewa kadi, turubai, sufuria na jembe, wakaonyeshwa kiwanja chao nyuma ya kilima. Mvua ya pili ungewakuta wanalima mahindi na kulalamika kwamba jirani amesogeza mpaka. Na watoto wao wangekuwa wanaongea Kiswahili kutushinda.

Nilimwambia Semahoro hivyo, akasema ninaharibu filamu. Basi nimekuletea wewe.

Kula vizuri. Usilale na nguo zilizolowa.

Yaya wako,
Kankindi Georgette


Mbarara, 24 Novemba 2014

Yaya Kankindi,

Barua yako dereva wa gari la huko kwenu Rwekubo alinipa mkononi, pamoja na maharage. Nimeisoma dukani katikati ya kazi, mteja akaniuliza kama nimepata habari njema, nikamwambia ni barua ya dada yangu mkubwa.

Kazi yangu unaijua: kutaipu barua za watu, kuchapisha, na kuwaonyesha wale wanaoogopa kompyuta mahali pa kubonyeza. Kukiwa kimya naingia Facebook. Kuna kundi linaitwa Anga na Filamu. Ni watu wa Kiswahili wa kila fasi: Mombasa, Kigoma, Goma, Bujumbura. Hawana mkutano wala mahubiri. Mtu akiona filamu anaitupia neno, akisikia kuna sayari mpya naye anasema lake, wengine wanaandika "hahaha" na kwenda zao. Niliwagusia kidogo ulivyosema juu ya wageni wa angani. Walifurahi.

Sasa nina swali. Semahoro akionyesha tena filamu ya safari ndefu ya angani, niandikie unaionaje. Andika tu kama ulivyoandika hii, usijirekebishe.

Mdogo wako,
Mihigo Anselme


Nakivale, 14 Desemba 2014

Mihigo mdogo wangu,

Umeomba, pokea.

Semahoro ameonyesha filamu ya watu wanaohama dunia. Wanalala ndani ya masanduku ya barafu miaka mia moja, chombo kinaenda chenyewe, wanaamka wamefika. Wote ni vijana, wote wazuri, hakuna hata bibi kizee mmoja. Nilishangaa. Sisi tumewahi kuhama. Ni nani aliyejua njia ya maji kule milimani? Ni nani alijua kuzalisha mwanamke porini? Ni nani alinifundisha wimbo ule nilioanzisha miguu ilipokataa? Chombo chao kina mainjinia wengi na hakina mtu wa kuanzisha wimbo. Kisha mambo yanaharibika na wao wanashangaa.

Na kulala miaka mia si kusafiri. Anayehama halali.

Jambo lingine, lakini hili usimwambie mtu. Pasta Appolinaire alihubiri juu ya Babeli. Alisema hawa wanaotuma mitambo mbinguni wanajenga mnara ule ule. Mimi nimekaa kwenye benchi la kwaya, nikajiambia: Babeli haikukosa matofali, ilikosa mtafsiri. Wangekuwa na Semahoro na kijiti chake, mnara ungefika. Nilicheka ndani ya kitambaa, Miriamu akanifinya.

Unajua, mwalimu wetu wa fizikia alikuwa ameanza kutufundisha sayari mwaka ule Mama alipofariki. Alifika kwenye ile ya sita, mimi nikaacha kwenda. Zile zilizobaki nimezijua kwa redio. Sisemi hivyo ili uone huruma. Nilikuona wewe unavaa sare, nikatosheka. Nasema tu kwamba nazipenda.

Nimeitwa kwenye interviu ya kesi yangu, ile ya kwenda kuishi ng'ambo. Ni Februari. Niombee.

Kankindi


Mbarara, 5 Januari 2015

Yaya,

Heri ya mwaka. Sikukuu zote nilikuwa dukani, bosi alisafiri. Ile ya wimbo nimeisoma nikasimama nje kidogo kwa sababu macho yalijaa. Nakumbuka wimbo, sikukumbuka kwamba ni wewe uliyeuanzisha. Nilikuwa mgongoni kwako.

Niulize tena: ungekuwa kapteni wewe, ungembeba nani? Jibu haraka kama unaweza. Kuna watu wanangoja. Nataka kusema, mimi nangoja.

Mihigo


Nakivale, 25 Januari 2015

Mihigo,

Leo sikusalimu.

Nimetoka kanisani. Tangu mlangoni watu walikuwa wananiangalia na kugusana. Nilidhani nimevaa sketi vibaya. Ibada ilipokwisha Miriamu akanivuta kando, akafungua simu ya mtoto wa dada yake aliyetoka Kampala, akaniambia, "Hii si wewe?" Nikaona maneno yangu. Yangu, Mihigo! Mustari, kadi, jembe, wimbo, Babeli, yote. Hata Mama. Na juu yake umeandika: Yaya Kankindi wa Nakivale anasema. Chini yake watu wanajaa kama inzi kwenye maziwa, hahaha, hahaha.

Niliporudi ndani kuchukua Biblia yangu, Pasta aliniita.

"Kankindi, ni wewe ulisema mahubiri yangu ya Babeli yalikosa mtafsiri?"

"Nilisema mnara ulikosa mtafsiri, Pasta. Si mahubiri."

"Batu bananiambia ni mahubiri."

Nikachukua Biblia yangu, nikatoka. Mzee yule alimzika Mama. Alisimama kwenye tope, akaomba mpaka sauti ikakauka.

Na hilo si lote. Huko nje wanasema nimeandika kwamba wakubwa wanatupanga mustari kama wanyama. Mtu ambaye hata hajayasoma maneno yenyewe akaniambia, "Kesi yako watafunga. Wanasoma kila kitu." Interviu yangu ni wiki mbili zijazo. Umefikiria hilo? Mimi nilikuwa naongea na mdogo wangu. Nilikuwa naongea na mtoto niliyembeba, si na Mombasa.

Toa. Toa yote.

Kankindi


Mbarara, 28 Januari 2015

Yaya Kankindi,

Nilitoa saa ile ile nilipofungua barua. Dereva alikuwa bado hajageuza gari. Hakuna kilichobaki.

Ilianza kwa lile neno la mustari. Niliandika kuchekesha watu wawili watatu. Nilipofungua kesho yake nikakuta limefika kwa watu nisiowajua, kila mmoja anamwita mwenzake aje asome. Wakaanza kuniuliza, yaya amesema nini tena? Yaya ameiona filamu hii? Sikukwambia, kwa sababu nilijua ukijua watu wanasoma utaanza kuandika kama katibu wa kanisa. Nilitaka wakusikie unavyoongea nyumbani. Nilijivuna na wewe, Yaya, mpaka nikasahau kukuomba.

Ulisema wamejaa kama inzi, wanakucheka. Sitabishana. Kabla ya kutoa niliyanakili yote, nikayachapisha baadaye, karatasi hizi nimezifunga kwa kamba. Sikuchagua. Mazuri yamo, na yule mmoja mbaya yumo. Soma mwenyewe, kisha kama unataka washia moto.

Ile ya Mama nimeikata karatasini kwa mkono wangu. Hiyo haikuwa yangu kuitoa nje ya nyumba.

Kwa Pasta niko tayari kuja kupiga magoti mwenyewe.

Mdogo wako,
Mihigo


Nakivale, 15 Februari 2015

Mihigo mdogo wangu,

Nakusalimu kwa jina la Yesu.

Karatasi zako zilikaa juu ya kabati siku nyingi, sikuzigusa. Nilizifungua nikitafuta cha kuwashia jiko. Nikasoma ya juu nikiwa nimechuchumaa, na jiko likangoja.

Mtu wa Kigoma: "Huyu dada apewe ukapteni. Mimi naomba kazi ya jikoni." Mwingine wa Mombasa anasema alimsomea mke wake ile ya sola kivulini, na mke akamwambia, kumbe hata wewe ni mtambo. Wa Bujumbura anabisha kwamba wageni wa angani wasingekubali kula mahindi ya njano. Wamegombana juu ya mahindi ya njano ukurasa mzima! Na yule msichana wa Goma anayemuuguza mama yake hospitalini. Anasema alimsomea mama ile ya wimbo, na mama akauliza, huyo anayesema ni wa milima gani? Mihigo, nililia kwenye jiko lisilo na moto.

Nikamwita Miriamu, Miriamu akaita wengine, tukakaa nyuma ya nyumba wakati wa kuchambua maharage nikawa nawasomea. Nilipofika kwa yule wa Bujumbura, mama mmoja akasema, "Mwambie ana haki, ile ya njano hata mimi niliikataa!" Hakuna aliyekuwa ananicheka mimi. Walikuwa wanacheka pamoja na mimi, na mimi nilikuwa nimekaa mbali sijui.

Kesho yake nikavaa vizuri, nikaenda kwa Pasta na karatasi. Nikamwambia, "Soma mwenyewe, Pasta, usisomewe na watu." Akatafuta miwani. Alisoma polepole, anarudi nyuma, anaendelea. Alipofika Babeli akasimamisha kidole.

"Semahoro na kijiti chake," akasema.

Kisha mabega yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka mke wake akaja kuangalia. Akaniambia, "Hii ungeniambia mimi mwenyewe, ningeiweka kwenye mahubiri." Halafu akanigeuzia ukurasa: "Huyu wa Kigoma anauliza kama kwenye chombo chako kuna nafasi ya pasta. Utamjibu nini?" Nikasema ipo, akikubali kufupisha mahubiri. Akacheka tena.

Interviu niliifanya Jumanne. Waliniuliza majina, vijiji, mwaka tuliotoka, nani alikufa wapi. Juu ya wageni wa angani hakuna aliyeuliza. Watu wanaogopa tu, na mimi niliwafuata. Waliniambia ningoje. Kungoja ninajua.

Sasa yule mbaya. "Mkimbizi anayengoja mahindi ya msaada anatufundisha sayari? Kwanza ajue anakolala." Nilimsoma mara nyingi kuliko wengine wote. Mwandikie hivi, usiongeze kitu:

"Ndugu, umesema nijue kwanza ninakolala. Nalala Nakivale, kwenye nyumba ya matofali niliyoyafyatua mwenyewe. Kutoka mlangoni kwangu anga inaonekana yote, hakuna gorofa la kuizuia. Karibu uje uangalie. Nitakupa maziwa."

Rudisha maneno yote isipokuwa ya Mama. Na usiandike tena "Yaya Kankindi wa Nakivale". Andika jina langu lote, kama lilivyo kwenye kadi: Kankindi Georgette. Kuanzia leo nitakwambia ipi ni ya watu na ipi ni yako.

Na nikiwa kapteni, ninayembeba kwanza ni Miriamu, kwa sababu anajua kunifinya.

Yaya wako,
Kankindi


Mbarara, 20 Julai 2015

Yaya Kankindi,

Nadhani umefika salama kutoka huku kwangu, dereva amesema ulishuka Rwekubo unaimba.

Nakuandikia yale ambayo hukuyaona, kwa sababu ulikuwa umeligeuzia duka mgongo. Miezi hii yote nilikuwa nakutaipia mimi. Siku ile uliponiambia, "Toka, nikae mimi," sikujua kama nicheke au nisimame kwa heshima. Ulikaa. Uliweka mkoba kwenye magoti kama uko kwa daktari. Picha ya Pluto ikaanza kushuka, mtandao ukiwa mzito, kipande kwa kipande kutoka juu, weusi kwanza, kisha ukingo, kisha ile alama nyeupe. Ukasema kwa sauti, "Mihigo, ina moyo!" Duka lote likageuka.

Wewe ukaanza kutaipu kwa vidole viwili. Nyuma yako walikuja mmoja mmoja. Yule mzee wa Kinyankore mwenye kofia, aliyekuja kuchapisha karatasi za shamba, alikuwa ameshalalamika kwangu kwamba anachelewa. Akasoma juu ya bega lako. Mimi nikamwambia kwa chini, samahani, atamaliza sasa hivi. Akaniuliza, "Huyu nyabo, huyu mama, ni nani?" Nikasema, "Ni dada yangu mkubwa. Ndiye alinisomesha." Akaniambia, "Wacha yeye amalize. Mimi iko hapa, nangoja." Akavua kofia, Yaya. Sijui kwa nini, lakini aliivua.

Maneno yako nayaweka hapa ili uwe nayo kwenye karatasi, nimeyachukua kama yalivyo:

"Nilipokuwa shule walisema Pluto ni sayari. Halafu wakubwa wakakaa kikao, wakasema si sayari, wakaifuta kwenye orodha. Haikuitwa kwenye kikao. Haikulia, haikutoka kwenye njia yake, iliendelea kulizunguka jua lile lile. Leo mtambo umesafiri miaka tisa kwenda kuiangalia kwa karibu, na tumeona ina milima. Ina moyo. Mimi, Kankindi Georgette, naiamkia."

Baada ya wewe kuondoka niliogopa kufungua. Nilipofungua, hakukuwa na hahaha hata moja. Wa Kigoma, ambaye hajawahi kusema neno bila mzaha, ameandika tu, "Naiamkia na mimi." Chini yake mwingine, na mwingine, kutoka kila fasi, wote neno lile lile. Naiamkia na mimi. Naiamkia na mimi. Niliacha kusoma nikaenda kuikagua feni, feni yenyewe haikuwa na shida yoyote, nilitaka tu kufanya kitu.

Watu wakiniuliza kazi yangu ni nini, zamani nilisema natunza duka la intaneti. Siku hizi naanza na kusema mimi ni mdogo wake Kankindi Georgette.

Mihigo


Nakivale, 2 Agosti 2015

Mihigo mdogo wangu,

Nakusalimu kwa jina la Yesu. Mahindi tumevuna. Kesi bado, sijaitwa tena. Siku hizi naisahau hata wiki nzima.

Leo Pasta alifanya jambo. Baada ya matangazo akasema, "Dada Kankindi ana neno fupi," akaniangalia juu ya miwani, na mimi sikuwa nimeambiwa kitu. Miriamu akanisukuma. Nikatoka kwenye benchi la kwaya na barua yako mkononi, kwa sababu ilikuwa ndani ya Biblia, nikasoma ile ya Pluto mbele ya kanisa lote.

Nilipomaliza niliona watu wanageukiana. Nikajiambia, nimeharibu. Ndipo mzee Kabanda akasimama, unamjua, yule wa fimbo mbili ambaye haongei. Kule kwetu alikuwa na ng'ombe kilima kizima, na ndiye ambaye wakubwa walimchukulia karatasi zake zote za uraia mbele ya watoto wake wakamwambia, wewe si wa nchi hii, babu yako hakuzaliwa hapa. Alisimama akashika kiti cha mbele.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena, polepole.

"Iyo nyota inaitwa nani?"

"Pluto, mzee."

"Na balipoifuta, haikutoka?"

"Haikutoka."

"Na leo iko inazunguka?"

"Iko inazunguka, mzee. Hata sasa tunavyoongea."

Akafikiri. Kanisa lote lilikuwa linamngoja yeye.

"Vizuri," akasema, akakaa.

Kisha akapiga makofi, peke yake, fimbo zikaanguka chini, na hapo watu wote wakasimama. Mihigo, nimeimba kwenye kwaya ile tangu tumefika nchi hii, sijawahi kusikia jengo lile likitoa sauti ile. Wasichana wa sekondari walinifuata mpaka nje, wanataka kujua sayari zilizobaki. Tumepatana kukutana kila Jumapili kwa Semahoro kabla ya filamu. Anasema tusimalize chaji.

Watu wa Kigoma na Mombasa nitawaandikia lingine, la mwezi au la mahindi. Hili la mzee Kabanda usiliweke. Hili nimekuandikia wewe peke yako, ujue ulichokifanya ulipotoa maneno yangu ndani ya nyumba bila kuniomba. Nilikukasirikia, na nilikuwa na haki. Sasa nikipita njiani sijifichi tena pembeni, natembea katikati ya barabara.

Yaya wako,
Kankindi Georgette